Aliye Nje Ameshika Antena



Ndugu wasikilizaji wapendwa, tunawasalimu nyote mlio majumbani, na kwa namna ya pekee ninyi makatekista wa vigango vya mbali, ambao muda si mrefu mtasimama mbele ya waamini kuongoza ibada ya Dominika bila padre. Leo ni Dominika ya Pili ya Mwaka B. Somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli sura ya 3, latuonyesha mtoto anayeitwa usiku. Injili, kutoka kwa Yohane sura ya 1, yatuonyesha wanafunzi wawili wanaomwacha mwalimu wao na kumfuata Yesu. Kwa desturi mahubiri ya leo humsifu Samweli aliyesikia na Andrea aliyefuata, nasi hatuna neno juu ya hilo. Lakini tungependa safari hii tuwatazame wale wawili waliobaki pembeni, yaani mzee Eli na Yohane Mbatizaji. Na ili tuwaelewe vizuri, tutaanza na kitu ambacho si kawaida kutajwa altareni, nacho ni antena ya televisheni.

Walio na umri wanakumbuka. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, ijapokuwa ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Ilipoingia, ilianzia mijini. Kijijini ilifika begani kwa mtu mmoja aliyekwenda mjini kuuza mazao: seti ndogo, betri ya gari, waya, na ile antena ya vijiti vya bati iliyofanana na mifupa ya samaki. Betri ikiisha nguvu ilirudishwa mjini kuchajiwa. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu au bomba la chuma, kisha kazi ikaanza, na kila aliyekaa mbali na mji anajua kwamba ilikuwa kazi kwelikweli.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama nuru ya taa. Dunia ni mviringo, kwa hiyo mnara wenye kimo cha meta 100 huweza kuufikia uso wa nchi tambarare kwa umbali wa kilometa 40 hivi tu. Zaidi ya hapo mawimbi hupita juu na kwenda zake. Ndiyo maana kimo cha mlingoti ni muhimu, na ndiyo maana vituo vya televisheni vilijenga minara mingine huko mikoani ya kupokea matangazo na kuyarusha upya. Kukiwa na mlima katikati, basi bonde lililo nyuma yake hukaa kivulini, kana kwamba jua limefunikwa. Hata hivyo kivuli hicho si giza kabisa. Sehemu ndogo ya mawimbi hujikunja juu ya ukingo wa mlima, na sehemu nyingine hugonga mlima wa pili na kurudi. Mtu mwenye subira hutafuta penye nafasi: hatua tatu kulia, kimo kidogo zaidi, pembe kidogo zaidi, na picha hutokea mahali ambapo jana hapakuwa na kitu.

Antena hiyo ina jina, nalo lina kisa chake. Huitwa Yagi, kutokana na profesa Mjapani, Hidetsugu Yagi. Ilibuniwa mwaka 1926 huko Sendai katika Chuo Kikuu cha Tohoku. Kijiti kimoja tu ndicho kinachounganishwa na waya, nacho huwa na urefu wa karibu nusu ya wimbi linalopokelewa. Wimbi likiwa la sentimeta 50, kijiti huwa cha sentimeta 25 hivi. Nyuma yake kipo kirefu kidogo kinachorudisha mawimbi, na mbele vipo vifupi vinavyoyaelekeza. Ubunifu mzuri sana. Lakini sehemu kubwa ya majaribio ilifanywa na mtu mwingine, Shintaro Uda, aliyekuwa chini ya profesa huyo. Wataalamu wachache husema antena ya Yagi na Uda. Dunia nzima husema Yagi. Uda alishika mlingoti, mwenzake akaonekana kwenye picha.

Sasa tukumbuke jinsi antena ilivyotegwa. Mmoja hukaa ndani mbele ya kioo, mwingine hutoka nje penye mlingoti. Aliye nje huuliza: “Imekuja?” Aliye ndani hujibu: “Bado! Zungusha kidogo. Rudisha. Hapo hapo! Aa, umepitiliza.” Wakati mwingine yupo wa tatu dirishani wa kupokezana maneno, kama shemasi kati ya altare na waamini. Hatimaye chenga hupungua, sura ya mtu huonekana, na ndani hupigwa makofi. Katika shughuli hiyo yote, mtu pekee asiyeona kitu ni yule aliyeileta picha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, tukiwa bado frateri, tulitumwa kwa mazoezi ya kichungaji katika milima ya Uluguru, upande ule ambao mji wa Morogoro hauonekani. Wanaoijua nchi ile wanajua Julai yake: ukungu hushuka kabla jua halijazama, na moto wa jikoni hauzimwi. Katika kigango kimoja palikuwa na mkulima wa kabichi na viazi aliyenunua televisheni, ya kwanza katika bonde lile. Usiku mmoja kulikuwa na mpira, na nyumba ilijaa mpaka madirishani. Sisi tulifika na katekista tukitoka kumtazama mgonjwa. Uani tulimkuta mtoto wa miaka kumi hivi, amejitanda kanga ya bibi yake, amelishika bomba la antena kwa mikono miwili. Tulimwuliza kwa nini haingii ndani. Alitujibu kwa adabu kwamba akilishika, picha inakuja, akiliachia, inaondoka.

Hakuwa akitania. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, na ukiwa karibu na antena hubadili jinsi inavyopokea mawimbi. Kila aliyewahi kugusa antena ya redio kwa kidole analijua hilo. Mtoto yule alikuwa yatima, mwana wa marehemu dada wa mwenye nyumba, na katika nyumba nyingi, ndugu zangu, mnajua nani hutumwa nje kwanza. Tukiwa bado tumesimama pale, ndani walipiga kelele za goli. Mtoto akanyanyua uso akauliza: “Nani kafunga?” Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Hawakumsikia, kwa sababu walikuwa wakifurahi.

Aliyemsikia ni bibi yake, aliyekuwa jikoni. Bibi alitoka, akamshika mjukuu mkono bila kusema neno, akampeleka motoni. Picha ikaondoka. Kelele ndani zikageuka, na mwenye nyumba akatoka kwa hasira akimwita mtoto. Bibi, ambaye alikuwa mama yake mzazi, akamjibu kutoka jikoni: “Hata wewe, mwanangu, una mikono.”

Palikuwa kimya kidogo. Kisha mwenye nyumba akalishika bomba mwenyewe. Baada ya muda katekista akampokea, na baadaye wengine, kila mtu dakika kumi. Mpira ule uliangaliwa kwa zamu, wala hakuna mwanaume aliyeuona wote. Lilipofungwa goli la pili, aliyekuwa nje alikuwa mwenye duka, na watu watano walitoka mbio kumsimulia, kila mmoja kwa namna yake. Mtoto naye alikuwa amekaa mbele kabisa, na kikombe cha uji mkononi.

Tumelisimulia tukio hilo kwa kirefu kwa sababu ndani yake tunamwona Eli. Maandiko yanasema kwamba macho ya mzee huyu yalikuwa yamefifia. Usiku ule huko Shilo, sauti ya Mungu ilipita juu ya kichwa chake na kumwendea mtoto aliyelala karibu na Sanduku la Mungu. Mara tatu mtoto alikimbilia kwa mzee akidhani ameitwa naye, na mara tatu mzee aliamshwa usingizini. Mara ya tatu Eli alitambua. Yeye hakusikia chochote, lakini alikuwa mtu wa hekalu kwa miaka mingi, akajua kwamba sauti ipo hata kama masikio yake hayaipati. Akamgeuza mtoto kidogo tu: nenda kalale, ukiitwa tena jibu hivi. Hapo hapo, usiondoke.

Somo la leo hukatika kwenye aya ya 10 na kurukia aya ya 19. Tunawasihi mkazisome nyumbani aya zilizoachwa, kwa maana ni chungu. Ujumbe alioupokea Samweli ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, kwa ajili ya uovu wa wanawe ambao hakuwazuia. Asubuhi mtoto aliogopa kusema. Eli ndiye aliyemlazimisha aseme yote bila kuficha, na aliposikia alikubali kwamba Bwana atende alionalo jema. Eli alikuwa na makosa makubwa ya ulezi, na Biblia haiyafichi. Hata hivyo, mtu aliyemfundisha mtoto kupokea neno, huku neno lenyewe likimhukumu yeye, hakuharibu antena ili asisikie. Wazazi wangapi, na mapadre wangapi, wangefanya hivyo?

Yohane Mbatizaji naye alisimama na wanafunzi wawili. Alimwona Yesu akipita, akamwonyesha kwao kuwa ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Wanafunzi wakageuka na kwenda. Injili haisemi kwamba Yohane alikwenda nao. Wale wawili waliona mahali Yesu alipokaa, wakashinda naye. Yohane alibaki palepale mtoni, na baadaye alitiwa gerezani. Na hapo, ndugu zangu, tunaifikia sehemu ambayo hatuwezi kuisoma bila kumkumbuka mtoto wa Uluguru. Mathayo sura ya 11 yatueleza kwamba Yohane akiwa kifungoni alituma watu kwa Yesu kuuliza: je, ni wewe yule ajaye, au tumngoje mwingine? Wafafanuzi wameandika mengi juu ya swali hilo, kama lilikuwa shaka au la. Sisi tunasikia ndani yake sauti ya mtu aliyeshika mlingoti gizani, ameuelekeza maisha yake yote upande mmoja, naye anaita kwa walio ndani: “Imekuja?”

Yesu alimjibu. Hakumkemea, wala hakusema kwamba Yohane alipaswa kujua. Aliwaambia wajumbe warudi wakamsimulie wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, maskini wanahubiriwa habari njema. Yaani aliwatuma walio ndani watoke wamsimulie aliye nje kile kilichofungwa. Kisha akageuka, akawaambia makutano ukuu wa mtu yule.

Kuna makatekista waliowahi kutuuliza kama wanapaswa kuikataza televisheni katika vigango vyao, hasa pale vijana wanapoacha jumuiya na kukusanyika mahali penye mpira. Jibu la Kanisa linajulikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulivihesabu vyombo hivi kuwa ni matunda ya akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu, ukawataka Wakristo wavitumie kwa busara. Kugombana na antena ni kupoteza muda. Vibanda vya video tuliwahi kuvihubiria sana, na havikufungwa na mahubiri. Katekista mwerevu atatafuta kwanza saa ya mpira, kisha atapanga saa ya jumuiya.

Siku hizi, tena, mambo yamebadilika. Mitambo ya zamani ilianza kuzimwa nchini kwetu tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na mahali pake ikaja ya dijitali na ving'amuzi vyake. Wa mabondeni wengi wamehamia kwenye ungo unaotazama setilaiti, zilizosimama juu ya ikweta umbali wa kilometa zipatazo 36,000, ambazo mlima hauzizuii kwa urahisi. Chenga zimekwisha: picha huja nzima au haiji kabisa. Lakini anayetega ungo bado yuko nje juu ya paa, na anayetazama mstari wa nguvu za mawimbi ukipanda bado yuko ndani. Hilo halikubadilika.

Twende sasa kwenu, waamini wa parokia. Katika kigango chenu nani ameshika bomba? Katekista hutembea milima miwili siku ya Jumamosi ili kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Huzika wafu mvua ikinyesha. Padre anapofika baada ya wiki sita, hukuta kanisa limefagiliwa, watoto wamejua sala, wagonjwa wameorodheshwa. Huadhimisha Misa nzuri, huimbiwa, hupewa jogoo, na hurudi. Picha imekuja, makofi yamepigwa. Katekista anapouliza juu ya posho yake ya miezi minne, au juu ya bati la nyumba yake linalovuja, je, kuna anayesikia swali lake, au tunaendelea kufurahi?

Tena si yeye peke yake. Yupo mama ambaye kila Dominika hubaki nyumbani na mkwe aliyepooza ili wengine waende Misa. Yupo binti wa kazi anayewatayarisha watoto wa watu waende kanisani, viatu vimeng'arishwa, na yeye hajapokea Ekaristi tangu Pasaka kwa kuwa hakuna aliyefikiri kumwuliza. Yupo mwuguzi wa zamu ya usiku, na mlinzi langoni mwa parokia yenyewe, anayesikia nyimbo zetu kwa mbali. Mtakatifu Klara wa Asizi alikuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, wenzake wakaenda kanisani wakamwacha, naye, kama wasimuliavyo waliomjua, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada ile akiwa palepale chumbani. Kwa sababu hiyo Papa Pio wa 12 alimfanya kuwa msimamizi wa televisheni. Tunapenda kufikiri kwamba Bwana alimwonea huruma yule ambaye masista walikuwa wamemwacha nyuma.

Lakini Klara alipewa muujiza. Mama mwenye mkwe aliyepooza anahitaji zamu tu. Jumuiya Ndogo Ndogo ya nyumba kumi au kumi na tano ina mikono ya kutosha. Nyumba moja imkalie mgonjwa Dominika hii, nyingine Dominika ijayo, na mama huyo avae kitenge chake aende. Halmashauri ya kigango iandike zamu hizo na kuzisoma katika matangazo, kama inavyosoma zamu za usafi. Mwenye binti wa kazi apike yeye siku hiyo. Hata yeye ana mikono. Na angalau mara moja kwa mwezi mtafuteni msaidizi aliyeandaliwa aongoze ibada, ili katekista akae bencini na mke wake na watoto wake, asikilize Neno la Mungu likisomwa na mtu mwingine. Tumewahi kumwona katekista wa miaka mingi akikaa hivyo kwa mara ya kwanza. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Mwinjili Yohane anatuachia leo jambo dogo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa bila kufafanuliwa. Anasema wale wanafunzi wawili walipoona mahali Yesu alipokaa, ilikuwa yapata saa kumi. Katika lugha nyingi wafafanuzi hulazimika kueleza ni saa ngapi kwa hesabu yao. Kwetu saa kumi ni saa kumi, jua limeanza kulala. Wangeweza kubaki ndani hadi asubuhi, kwa maana waliyemtafuta walikuwa wamempata. Walizungumza nini, hatukuandikiwa. Tuliloandikiwa ni kwamba Andrea alimtafuta kwanza Simoni, ndugu yake, akamwambia walichokiona, kisha akamchukua mpaka kwa Yesu.

Makatekista wapendwa, kengele ya kwanza imekaribia, nasi tusiwacheleweshe. Bwana aende nanyi. Na ninyi mlio bado nyumbani, kama redio imefunguliwa sebuleni, iongezeni sauti kidogo, aliye jikoni asikie nyimbo zinazofuata.

Tumsifu Yesu Kristo.